Kaiti ya kwanza: mita ngapi, na upepo ukizidi ufanye nini

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naishi Dar es Salaam, nina kilo 58. Msimu wa kusi uliopita nilikwenda Paje, Zanzibar, kujifunza kaiti, ule mchezo wa kupanda ubao majini ukivutwa na tiara kubwa. Sasa nasimama juu ya ubao na kwenda mwendo mfupi kabla ya kuanguka. Kuna kaka anahama nchi, ananiuzia kaiti yake ya mita 12 kwa bei ya kutupa, pamoja na mpini wake, ile fimbo ya kuiongozea. Shuleni nilikuwa napewa mita 8, mara nyingine 9. Yeye anasema kubwa ndiyo inayomfaa mwanafunzi kwa kuwa inageuka polepole. Jambo la pili: upepo ukizidi ghafla navutwa, mikono inakakamaa, nashindwa kujizuia. Je, ninunue? Na hilo la kuvutwa nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Hiyo mita 12 usiichukue, hata angekupa bure. Kwa uzito wako ni kaiti ya upepo mwepesi, na upepo wa kawaida wa Paje ukiivaa itakushinda nguvu. Maswali yako mawili naona yanakwenda pamoja. Mikono kukakamaa ni jambo la kila mwanafunzi, na mazoezi huliondoa, ila huchukua muda. Katika muda huo, ukubwa wa kaiti ndio unaoamua kama utaishia kumeza maji ya chumvi au kuburutwa mpaka kwenye minazi.

Nianze na jambo ambalo wengi hulikadiria vibaya. Mvuto wa kaiti haupandi sambamba na kasi ya upepo. Kasi ikiwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Upepo ukitoka noti 10 kufika noti 14, mtu aliyekaa kivulini huenda asitambue tofauti yoyote, lakini aliyefungwa kwenye kaiti tayari anavutwa karibu mara mbili. Noti moja ni takriban kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 30 kwa saa, hizo ni noti 16 hivi. Zoea kugeuza hesabu hiyo kichwani, maana utabiri wa redioni ni wa kilomita na watu wa kaiti huzungumza kwa noti.

Kipimo tunachotumia ufukweni ni hiki: chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 2.2, kisha gawanya kwa noti za upepo. Jibu ni mita za mraba za kaiti. Kilo 58 mara 2.2 ni karibu 128. Upepo wa noti 14 unakupa mita 9. Noti 16, mita 8. Noti 18, mita 7. Sasa igeuze hesabu hiyo uone mita 12 inakufaa upepo gani: noti 10 hadi 11. Kusi ikishika Paje, kati ya Juni na Septemba, noti 15 mpaka 20 si ajabu. Ukiingia na mita 12 kwenye noti 18, unavutwa na nguvu inayokaribia mara tatu ya ile unayoihitaji. Hakuna mikono inayoweza kuzuia hilo, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayekuruhusu.

Hayo ni makadirio. Umbo la kaiti, ubao ulionao na ujuzi wako vinaweza kusogeza jibu kwa mita moja huku au kule. Kwa anayejifunza nina masharti mawili ninayoyasimamia. Kwanza, jibu likiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Pili, hesabu kwa upepo wa juu kabisa utakaokukuta majini, wala si kwa wastani. Utabiri ukisema noti 14 zenye msukumo wa kufika 19, wewe fanya hesabu kwa 19. Wastani hauburuzi mtu. Kinachoburuza ni ule msukumo mmoja unaodumu kwa sekunde chache.

Yule kaka hajakudanganya moja kwa moja. Ni kweli kaiti kubwa hugeuka polepole, na mkono wa mgeni ukikosea haiitikii haraka. Lakini upole huo ni wa kugeuka tu, mvuto wenyewe haupungui. Kumbuka walivyokueleza shuleni kuhusu eneo la upepo. Ukiupa upepo mgongo, kaiti inaweza kukaa utosini pako au pembeni, kulia na kushoto, na huko kote inavuta kidogo. Ikishuka mbele yako, katikati, inavuta kwa nguvu zote. Tena kaiti inayokwenda mbio hujitengenezea upepo wake juu ya ule wa bahari, ndiyo maana ukiichovya kidogo tu unainuka kutoka majini. Kaiti kubwa ikianza kuanguka katikati hapo, inapita polepole, na muda wote inapopita wewe unavutwa. Ukijaribu kuirudisha juu, nayo hugeuka polepole vilevile.

Wala usikimbilie ndogo kupita kiasi. Mita 6 kwenye noti 12 haitakuinua, kwa hiyo utaanza kuichapa juu na chini bila kupumzika ili ikupe nguvu, na kila ukiichapa inapita palepale katikati. Ikikosa upepo huanguka, nyuzi hulegea, na nyuzi zilizolegea hujizungusha kwenye miguu. Kaiti inayokutosha utaitambua hivi: uko juu ya ubao, kaiti imetulia pembeni, nusu ya njia kati ya maji na utosi, mpini uko katikati ya safari yake, na vidole viwili vya kila mkono vinatosha kuushika. Ukijikuta umenyoosha mikono yote ukiusukuma mpini mbali muda wote, na visigino vinateleza, kaiti ni kubwa mno kwa upepo ule. Rudi ufukweni ubadilishe kabla hujachoka.

Kwa Paje na uzito wako, kaiti yako ya kwanza iwe mita 8. Itakuhudumia kuanzia noti 14 hivi mpaka 19, na hapo ndipo siku nyingi za kusi zinapoangukia. Kama unapata likizo wakati wa kaskazi tu, Desemba hadi mwanzo wa Machi, mita 9 ni sawa, maana kaskazi kwa kawaida ni pole zaidi na hupata nguvu mchana. Noti zikizidi 20 kaa ufukweni uwaangalie wenzako. Miezi ya tanga mbili, Aprili na Novemba, upepo hauna msimamo, leo unatoka huku kesho kule. Usiipangie safari ya mazoezi.

Ukiona upepo haukuinui na mita 8, kabla hujatamani kaiti kubwa, jaribu ubao mkubwa. Wa sentimita 138 hadi 142 kwa urefu, na upana wa 41 au 42, utakubeba kwenye noti mbili tatu pungufu, na hauongezi hatari hata kidogo. Hapa wanafunzi wengi hufanya kinyume: wananunua ubao mdogo kwa sababu unapendeza, kisha wanaufidia kwa mita nyingi za kaiti.

Kabla hujapiga pampu, upime upepo pale pale utakapoingilia majini. Ukiwa na kipima upepo cha mkononi, kiinue juu ya kichwa kwa dakika tano, uandike namba ya juu kabisa na ya chini kabisa. Tofauti ikizidi noti 8, mimi simwingizi mwanafunzi. Kama huna kipimo, tazama bahari: mapovu meupe yakiwa hapa na pale, upepo uko kati ya noti 11 na 16, yakitapakaa kote, umeingia noti 17 hadi 21, na hiyo kwako ni karibu na kikomo. Na usifuate kaiti za wenzako bila kuwauliza kilo zao. Jamaa wa kilo 90 akiwa na mita 12 hapo kando yako, yuko salama kabisa, na hilo halikuhusu wewe.

Sasa tuje kwenye kuvutwa, ambako ndiko ningependa utumie muda wako mwingi.

Mwili wa binadamu ukivutwa hukamata. Hiyo ni silika, na kwenye kaiti silika hiyo inakwenda kinyume na usalama wako, kwa sababu mpini ukivutwa kuja kifuani huongeza nguvu. Nimeliona mara nyingi kwenye maji ya Paje, ndani ya mwamba wa matumbawe: msukumo unaingia, mwanafunzi anashtuka, viwiko vinakunjika, mpini unakuja tumboni, kaiti inapata nguvu zaidi, naye anazidi kukamata. Ndani ya sekunde tatu ameshatoka majini kifudifudi. Mwalimu anapiga kelele "achia!", lakini sikio limeziba. Mwanafunzi huyo anajua fika kwamba angepaswa kuachia. Tatizo ni kwamba mikono yake haijawahi kuachia hata mara moja akiwa anavutwa kweli.

Wavuvi wa ngalawa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Upepo ukichapa ghafla, mtu aliyeshika demani, ile kamba ya kona ya tanga, huilegeza papo hapo. Tanga linapoteza upepo na chombo kinasimama wima. Mpini wako ni demani yako. Ukiuachia, nyuzi za nyuma zinalegea, kaiti inaelekea ukingoni mwa eneo la upepo na nguvu inakwisha. Mzigo wote unabaki kwenye hanesi, ule mkanda mpana wa kiunoni, kwa hiyo mpini hauendi popote, utaukuta hapohapo mbele yako.

Kwa hiyo nataka ufanye zoezi moja, ukiwa na mwalimu, kwenye maji ya kiunoni na upepo wa kadiri. Kaiti ikiwa juu, achia mpini kwa makusudi. Mikono yote miwili, hewani. Hesabu mpaka tatu, kisha uushike tena. Rudia. Halafu mwombe mwalimu akushtue: atakuja nyuma yako na kukuvuta hanesi ghafla bila kukuambia ni lini, nawe uachie. Fanya hivyo kila siku kabla ya kupanda ubao, mpaka ufike mahali ambapo ukishtuka vidole vinafunguka vyenyewe. Sijaona dawa nyingine ya kukakamaa, na wanafunzi waliofanya zoezi hili kwa bidii huacha kuogopa mapema, kwa kuwa wameshaona kwa macho yao kwamba wakiachia hakuna kinachotokea.

Kuachia kunafanya kazi namna hii kwa sababu ya umbo la kaiti za sasa. Kaiti zenye mirija ya hewa zilibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili hataza yao mwaka 1984. Zile za mwanzo zilikuwa na umbo la herufi C, na ukiachia mpini zilipunguza nguvu kwa sehemu tu. Kuanzia mwaka 2005 zikaingia sokoni zenye umbo la upinde, na hizo ukiachia karibu nguvu yote hukatika. Ndiyo sababu kaiti ya zamani yenye umbo la C haimfai anayeanza, hata iwe ya saizi sahihi.

Kuachia mpini kusipotosha, hatua ya pili ni kifyatuo cha dharura, kilichoko kwenye kitanzi kinachokuunganisha na kaiti kiunoni. Kisukume mbali na mwili wako. Kitanzi kitafunguka, kaiti itaning'inia kwa uzi mmoja tu na kulala majini bila nguvu, bado ikiwa imeunganishwa nawe kwa kamba ya usalama. Ikitokea nyuzi zimejisokota na bado unaburutwa, fungua na hiyo kamba, kaiti iende zake. Mkono unapaswa kukijua kifyatuo bila msaada wa macho, kwa hiyo kila unapojifunga hanesi fumba macho ukiguse mara kadhaa, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Na usisubiri uone hatari mbele yako. Ukiachia mpini na bado unavutwa, fyatua wakati huohuo. Watu huchelewa kwa sababu wanaona kufyatua ni aibu, au wanafikiria kazi ya kupanga nyuzi upya. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na tano.

Nyuzi zikiwa na mzigo usizishike kwa mkono, wala usizizungushe kwenye kidole au kiganja. Zinakata nyama.

Ufukweni ndiko ajali mbaya zaidi hutokea, kwa kuwa huko kuna kuta, minazi, ngalawa zilizoegeshwa na watu. Wanafunzi wengi hudhani kaiti ikiwa utosini imetulia. Ukiwa nchi kavu, utosini si mahali pa kuiacha: msukumo mmoja unaweza kukunyanyua miguu ikatoka mchangani. Iweke chini upande wa bahari, mita chache juu ya maji, na mara tu msaidizi anapoiachia tembea moja kwa moja ukaingie majini. Usisimame kupiga soga wala kupigwa picha. Upande ule upepo unakoelekea pawe wazi angalau mara mbili ya urefu wa nyuzi zako, yaani kama mita 50. Na asubuhi ukikuta umande unavuma kutoka bara kwenda baharini, usirushe kaiti hata kama ni mwanana, maana utakusukuma kwenye mwamba na zaidi ya hapo.

Kusi huja na mawingu ya mvua ya ghafla. Ukiona wingu jeusi upande wa kusini, na chini yake maji yamebadilika rangi na kutifuka povu, kaiti yako inapaswa kuwa mchangani imetulizwa kabla wingu halijafika. Upepo ulio mbele ya mvua ile unaweza kupanda noti kumi kwa mpigo, kisha ukafa kabisa baada ya kupita.

Kwa kuwa bado hujaweza kwenda bisho, yaani kuelekea upepo unakotoka, kila safari itakushusha. Paje, kusi itakupeleka upande wa Bwejuu na kaskazi itakupeleka upande wa Jambiani, kisha utarudi kwa miguu. Hilo ni la kawaida, lipangie: vaa viatu vya maji, kwa sababu ya nungunungu wa bahari, na uwe na nguvu ya kubeba kaiti. Angalia pia kalenda ya mwezi. Siku za bamvua maji yakitoka, maji yote ya ndani ya mwamba hubaki ya magotini au chini ya hapo, na kuanguka kwenye maji ya namna hiyo ni kuangukia jiwe. Ingia maji yanapojaa, yakifika kiunoni, utoke yakianza kwenda kasi kurudi, kwani mkondo hukimbilia kwenye milango ya mwamba.

Tena pale majini kuna mashamba. Akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, na wakati wa maji kupwa wapo kazini, wameinama, migongo juu, wala hawakuoni ukija. Vigingi na kamba zao hazionekani vizuri maji yakiwa yamejaa. Pezi la ubao likinasa kamba moja tu, linang'oa kazi ya wiki kadhaa. Mwanafunzi asiyeweza kwenda anakotaka asiwe juu ya mashamba, wala upande wao ule upepo unakotokea. Waulize wenyeji mipaka iko wapi kabla hujarusha. Nyuzi za kaiti zikimpita mtu aliyeinama, madhara yake hayaelezeki.

Ukipata mita 8 iliyotumika, ikague hivi. Ipige pampu mpaka iwe ngumu, uiache nusu siku. Ikilegea, kuna tundu au vali inavuja. Kunja kitambaa mkononi: kikiwa kigumu kidogo na kinatoa sauti ya karatasi, bado kina maisha, kikiwa laini kabisa, jua limeshakila. Kagua vizuri hatamu, zile kamba fupi zinazoshikilia mrija wa mbele, na puli zake. Kisha funga ncha zote nne za nyuzi kwenye msumari mmoja, uvute mpini kwako uone kama zinalingana. Nyuzi za mbele hubeba mzigo mwingi, kwa hiyo ndizo hurefuka. Zikiwa ndefu kuliko za nyuma, kaiti itakuwa inavutwa nyuma muda wote, na ukiachia mpini haitakata nguvu ipasavyo. Kwa mtu mwenye shida kama yako hicho ni kasoro kubwa, japo kurekebisha ni kazi ya vifundo vichache.

Mwisho kifyatuo. Kioshe kwa maji yasiyo ya chumvi kutoa mchanga na chumvi, kisha jifunge, mtu akuvute kwa uzito wake wote kupitia kitanzi, nawe ufyatue kwa mkono mmoja. Kifunguke mara moja. Kikisita, au ukahitaji mkono wa pili, mpini huo usiuingize majini. Nunua mpya unaofuata kiwango cha ISO 21853, kilichotolewa mwaka 2020 mahususi kwa vifyatuo vya kaiti, na umwombe mwalimu wako aufunge kwenye kaiti na kuujaribu kabla yako.